Seva ya Faili Nyumbani Ikikataa Kukufungulia: Dalili, Sababu na Namna ya Kurekebisha

Lalamiko linalojirudia kuliko yote kuhusu seva ya faili ya nyumbani ni hili: "Nenosiri ninalo, ni lile lile la siku zote, lakini inakataa." Na jambo la kwanza ambalo wengi hukimbilia ni kubadilisha nenosiri. Hapo tatizo moja huzaa matatu. Mara nyingi nenosiri halikuwa na kosa lolote. Na likishabadilishwa, simu, televisheni na laptopu zote za nyumbani huendelea kupeleka lile la zamani hadi seva inawafungia watu wote nje. Usiguse nenosiri kabla hujajua ni nani hasa aliyekukataza.

Maelezo haya yanafaa kwa kisanduku cha NAS (kisanduku cha diski kinachokaa kwenye mtandao) kama vile Synology au QNAP, kwa Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) au kompyuta ya Linux iliyowekwa Samba, programu ya kugawa folda, na kwa kompyuta ya zamani ya Windows inayogawa folda. Zote huzungumza lugha moja ya kugawa faili, SMB, kupitia poti (mlango wa mtandao) namba 445. Katika mifano tunatumia anwani 192.168.1.50, mtumiaji zuhura na folda picha. Weka zako mahali pake.

KWANZA JUA UMEKWAMIA WAPI

Nyumba ya Mji wa Kale wa Mombasa ina baraza nje, kisha daka, kisha ndani. Mgeni aliyekwama njiani hajafika barazani, aliyepiga hodi asitambuliwe amekwama kwenye daka, na aliyekaribishwa lakini akazuiwa chumba fulani ni jambo jingine tena. Seva nayo iko hivyo hivyo. Je, kifaa chako kinaifikia? Ikifikiwa, inakutambua? Ikikutambua, una ruhusa ya folda hiyo? Windows huyachanganya yote matatu katika ujumbe unaofanana, kwa hiyo usitegemee maneno yake. Tazama namba ya kosa:

0x80070035 au 53: hujafika barazani. Nenosiri halijaulizwa hata kidogo.
1326 au 0x8007052E: umefika, lakini jina au nenosiri halikukubalika.
1219: tayari umeingia kwenye seva hiyo kwa jina jingine.
1909: akaunti imefungwa kwa sababu ya kujaribu mara nyingi.
0x80070005: umetambuliwa, ila folda imekukatalia.

Halafu uliza maswali mawili nyumbani. Ni kifaa kimoja kinachoshindwa, au vyote? Ni mtu mmoja, au kila mtu? Ikiwa ni kifaa kimoja, acha seva peke yake. Ugonjwa uko kwenye kifaa hicho. Ikiwa ni mtu mmoja kwenye vifaa vyote, tazama akaunti yake. Ikiwa ni wote kwa mpigo, tazama seva, ruta au umeme. Maswali haya huokoa saa nzima ya kuhangaika.

Na jiwekee mpaka: jaribu mara tatu, kisha acha. Seva nyingi humfungia mtu baada ya majaribio kadhaa, na ukiendelea kubisha utakuwa umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

DALILI YA 1: SEVA HAIONEKANI, AU NJIA HAIPATIKANI

Stima ilipotea. Hii ndiyo sababu inayoongoza, tena kwa mbali. Ruta nyingi za bei nafuu huweka orodha ya anwani kwenye kumbukumbu inayofutika umeme unapokatika. Umeme ukirudi, vifaa vyote huamka pamoja, na ruta hugawa anwani upya. Seva iliyokuwa 192.168.1.50 sasa ni 192.168.1.57, na laptopu yako inabisha nyumba isiyo na mtu. Pengine hiyo .50 imepewa televisheni, nayo itakujibu kwa namna ya kukuchanganya kabisa.

Andika ipconfig kwenye dirisha la amri la Windows na usome anwani ya "Default Gateway". Hiyo ndiyo ruta. Kwa kawaida ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kwenye ruta nyingi za faiba za Huawei ni 192.168.100.1. Ifungue kwa kivinjari, tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uone seva imepewa anwani gani. Ukiipata, ihifadhie anwani hiyo kwenye ukurasa wa DHCP (ugawaji wa anwani) wa ruta ukitumia namba ya MAC ya seva, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Fanya kazi hii kwenye ruta, si ndani ya seva. Ukiipachika seva anwani kwa mkono bila ruta kujua, siku moja ruta itaigawa anwani hiyo hiyo kwa simu ya mgeni, na viwili hivyo vitagombana.

Kifaa kiko kwenye mtandao mwingine. Kuta nene za mawe ya matumbawe, na zege la ghorofa za Nyali na Tudor, hula mawimbi ya Wi-Fi. Ndiyo maana nyumba nyingi zina ruta ya pili. Ikiwa waya kutoka ruta ya kwanza umechomekwa kwenye tundu la WAN (la kuingizia intaneti) la ruta ya pili, umejenga mitandao miwili, mmoja ndani ya mwingine. Aliye nyuma ya ruta ya pili anaweza kuifikia seva iliyo kwenye ya kwanza kwa kuandika anwani yake, lakini haioni kwa jina. Na aliye kwenye ya kwanza haifikii kabisa seva iliyo nyuma ya ya pili. Dawa ni kuigeuza ruta ya pili iwe kituo cha Wi-Fi tu. Kama haina chaguo hilo, ipe anwani yake isiyofanana na ya ruta ya kwanza, zima DHCP yake, kisha uhamishe waya kwenda tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani).

Wi-Fi ya wageni pia huzuia kwa makusudi vifaa visionane. Hilo si hitilafu. Hamisha kifaa kwenye mtandao wa kawaida.

Kuna hili ambalo huwapita wengi: seva ya nyumbani haihitaji intaneti. Hata kebo za baharini zinazotua Mombasa zikikatika zote, picha zilizo kwenye kabati lako zinapaswa kufunguka. Lakini simu nyingi za Android zikiona Wi-Fi haina intaneti huhamia bando kimyakimya, na kwenye bando hakuna 192.168.1.50. Zima data ya simu kisha ujaribu tena. Kama una VPN (njia ya siri inayopitisha mtandao wako kwingine), izime pia.

Kinga ya mtandao (firewall) imefunga poti. Kwenye Windows fungua PowerShell:

Test-NetConnection 192.168.1.50 -Port 445

Ukipata "TcpTestSucceeded : True", njia iko wazi, nenda Dalili ya 2. Ikiwa "False" lakini seva inajibu amri ya ping 192.168.1.50, seva ipo ila huduma ya SMB imelala au imezibwa. Kwenye Linux, iamshe na uifungulie mtandao wa nyumbani peke yake:

sudo systemctl restart smbd
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp

Ikiwa seva ni kompyuta ya Windows, hakikisha mtandao wake umetajwa kuwa "Private". Ukisomeka "Public", Windows huficha folda zote zinazogawiwa, na hali hii hutokea sana baada ya kubadilisha ruta kwa sababu Windows huuona mtandao kuwa mgeni.

Waya. Kwetu pwani hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Meno ya shaba ya kichwa cha waya wa mtandao hupata kutu ya kijani, hasa waya uliopita dirishani. Taa ya tundu huwaka na kuzima, faili ndogo hupita na kubwa hukwama. Chomoa, tazama kwa tochi, jaribu waya mwingine. Usikwangue kwa kisu. Kata kichwa ubane kipya, au nunua waya uliokwisha kubanwa.

ONYO: usifungue poti 445 kuelekea intaneti kwenye ruta ili uifikie seva ukiwa safarini. Waovu huitafuta poti hiyo usiku na mchana. Tumia VPN inayoingia nyumbani.

DALILI YA 2: "JINA AU NENOSIRI SI SAHIHI"

Hapa ndipo penye mengi, kwa hiyo tuende polepole, tukianza na sababu inayotokea zaidi.

Windows inapeleka jina usilolijua. Kabla haijakuuliza chochote, Windows hujaribu kuingia kwa jina unalotumia kwenye laptopu yenyewe, au kwa jina ililolihifadhi miezi mingi nyuma. Unaandika nenosiri sahihi, lakini linaambatanishwa na mtu mwingine. Tazama yaliyohifadhiwa:

cmdkey /list

Ukiona anwani au jina la seva yako, lifute, kisha ukate miunganisho yote iliyo wazi:

cmdkey /delete:192.168.1.50
net use * /delete

Amri hii ya pili hukata kila folda ya mtandao iliyounganishwa, hivyo funga kwanza faili unazozifanyia kazi. Kumbuka pia kwamba Windows huhifadhi 192.168.1.50 na jina la seva kama vitu viwili tofauti. Ukifuta kimoja, kingine bado kipo. Ukijaribu tena, andika jina pamoja na jina la seva, hivi: 192.168.1.50\zuhura. Bila hivyo Windows inaweza kutanguliza jina la laptopu yako, na seva ikatafuta mtu wa laptopu badala ya mtu wake.

PIN si nenosiri. Mtu amezoea kufungua kompyuta kwa tarakimu nne au kwa kidole, na anapoulizwa nenosiri la mtandao anaandika tarakimu zile zile. PIN hufanya kazi kwenye kompyuta hiyo moja tu. Haipiti kwenye waya. Ikiwa seva ni kompyuta ya Windows na akaunti yake ni ya Microsoft, inayotakiwa ni barua pepe na nenosiri la Microsoft, na akaunti iliyowekwa bila nenosiri haitaingia kabisa kupitia mtandao. Njia safi, na ndiyo tunayoipendelea, ni kutengeneza kwenye seva hiyo akaunti ya ndani kwa ajili ya kushirikisha folda tu. Fungua dirisha la amri kama msimamizi:

net user zuhura * /add

Itakuuliza nenosiri mara mbili. Usiliache tupu: Windows hukataa nenosiri tupu kupitia mtandao, na utapata kosa 1327. Kisha nenda kwenye folda yenyewe umwongeze zuhura kwenye ruhusa za kushirikisha na pia kwenye ruhusa za usalama. Ni orodha mbili, na kusahau moja ni kosa la kila siku.

Vidole na kibodi. Laptopu nyingi za mtumba hapa zimetoka Uingereza. Kibodi yao hubadilisha nafasi ya @ na alama za kunukuu ikilinganishwa na ya Marekani, na # nayo huhama. Ikiwa nenosiri lina alama hizo, liandike kwanza kwenye kisanduku cha jina, mahali linapoonekana, uone kama ndicho ulichokusudia, kisha ulifute. Kwenye simu, kibodi huanza na herufi kubwa na huongeza nafasi tupu baada ya neno. "Zuhura " si "zuhura". Nafasi ile haionekani kwa macho, na imewapotezea watu jioni nzima.

Samba haimjui mtu huyo. Hili huwakuta sana wenye Raspberry Pi na Linux. Samba ina daftari lake la majina, tofauti na la Linux. Unaweza kuingia kwenye seva kwa SSH (kuandika amri kutoka kompyuta nyingine) bila shida, na Samba ikakukana. Angalia:

sudo pdbedit -L

Jina lisipokuwemo, mwongeze, kisha umwezeshe:

sudo smbpasswd -a zuhura
sudo smbpasswd -e zuhura

Mtu huyo lazima awe ameshatengenezwa kwenye Linux kwanza. Na ukibadilisha nenosiri la Linux kwa amri ya passwd, la Samba kwa kawaida hubaki lile la zamani. Siku zote badilisha yote mawili.

Ili ujue kosa liko upande gani, jaribu kuingia ukiwa ndani ya seva yenyewe:

smbclient -L //localhost -U zuhura

Ukiona orodha ya folda, na jina limo kwenye orodha ya pdbedit, seva ni nzima na nenosiri ni sahihi; rudi kwenye laptopu. Ukiona NT_STATUS_LOGON_FAILURE, basi kosa ni la seva au nenosiri. Kama una muda wa kufanya kipimo kimoja tu, fanya hiki.

Mashine ya zamani inaongea lahaja iliyoachwa. Skana ya ofisini, NAS ya miaka mingi au televisheni ya kale hupeleka nenosiri kwa njia ya kale iitwayo NTLMv1, ambayo Samba huikataa yenyewe tangu toleo la 4.5. Kosa linaonekana kama nenosiri baya, ingawa ni sahihi herufi kwa herufi. Sasisha programu ya kifaa hicho kutoka kwa mtengenezaji. Isipopatikana, kitumie kwa USB, au kiwe na folda yake kwa njia nyingine kama FTP ndani ya nyumba tu. Usilegeze ulinzi wa seva nzima kwa ajili ya skana moja.

DALILI YA 3: KOSA 1219

Umefungua folda moja kwa jina lako, sasa unataka nyingine kwa jina la mama. Windows hairuhusu majina mawili kwa seva moja kwa wakati mmoja. Tumia net use * /delete, kisha uingie upya. Kama unahitaji yote mawili, fungua moja kwa anwani ya IP na nyingine kwa jina la seva. Windows huziona kama seva mbili.

DALILI YA 4: JANA ILIKUBALI, LEO INAKATAA KILA MTU

Kujifungia. Mtu alibadilisha nenosiri jana usiku. Simu ya mtoto, inayopakia picha yenyewe kila baada ya muda, haikuambiwa. Imebisha mara kumi kabla ya alfajiri, na seva imeifungia. Synology huzuia anwani ya kifaa kinachobisha sana, na anwani hiyo hubaki kwenye orodha ya waliozuiwa mpaka uitoe au muda uliowekwa uishe. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi ukitumia kifaa kingine, toa anwani kwenye orodha, lakini kabla ya hapo rekebisha nenosiri kwenye kile kifaa kinachobisha. Usipofanya hivyo, baada ya nusu saa utarudi pale pale. Kwenye kompyuta iliyowekwa upya Windows 11 toleo 22H2 au la baadaye, makosa 10 ndani ya dakika 10 hufunga akaunti kwa dakika 10. Hapo dawa ni kusubiri mikono ikiwa mbali na kibodi.

Diski ya mfumo imejaa. Seva isiyo na nafasi ya kuandika hata mstari mmoja wa kumbukumbu hushindwa kuandikisha anayeingia. Andika df -h. Ukiona / iko 100%, punguza kumbukumbu za mfumo kwanza:

sudo journalctl --vacuum-size=100M

Saa imepotea. Hili linahusu hasa ukurasa wa usimamizi unaotaka namba sita kutoka kwenye simu. Namba hizo kwa kawaida hubadilika kila sekunde 30 na hutegemea saa ya pande zote mbili. Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 hazina saa ya betri, na Pi 5 yenyewe betri yake hununuliwa kando. Umeme ukikatika na intaneti isirudi haraka, saa hubaki nyuma. Andika timedatectl; ikiwa "System clock synchronized" ni "no", subiri intaneti au irekebishe. Weka eneo kuwa Africa/Nairobi kabla ya kugusa saa kwa mkono. Anayeiweka saa ya Kenya kwenye seva iliyo kwenye UTC anaipeleka saa tatu mbele, na namba zake hazitakubaliwa kamwe.

DALILI YA 5: ILIANZA BAADA YA WINDOWS KUJISASISHA

Ujumbe unaotaja sera za usalama za "shirika lako" huwashangaza watu waliokaa zao nyumbani Kisauni au Likoni bila shirika lolote. Maana yake ni kwamba Windows imekataa kuingia kama mgeni, bila jina wala nenosiri. Matoleo ya Enterprise na Education ya Windows 10 yalianza hivyo tangu toleo la 1709, mwaka 2017, na Windows 11 Pro imefuata katika toleo la 24H2. Toleo hilo hilo la 24H2 linataka kila mazungumzo ya SMB yatiwe sahihi. Sahihi hiyo hutengenezwa kwa ufunguo unaotokana na nenosiri, na mgeni hana nenosiri, kwa hiyo hana cha kutia sahihi. NAS ya zamani isiyojua kutia sahihi hutoa kosa 0xc000a000.

Dawa ya kweli ni moja: mpe kila mtu wa nyumbani akaunti na nenosiri kwenye seva, na usasishe programu ya NAS. Mtandaoni utakuta amri za kuzima masharti haya kwenye laptopu. Zinafanya kazi, lakini laptopu hiyo itabeba udhaifu huo hadi kwenye Wi-Fi ya hoteli na ya uwanja wa ndege.

ONYO: usiwashe SMB1, toleo la kwanza la SMB. Windows 10 iliacha kuiweka tangu toleo la 1709, na Samba imeizima tangu 4.11. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilisambaa kupitia tundu lililokuwa kwenye SMB1, vikafunga faili za watu na mahospitali duniani. Kifaa kinachojua SMB1 peke yake kimefika mwisho wa kazi ya mtandao. Kama ni televisheni, iwashie seva huduma ya DLNA, ya kurushia video na muziki, nayo itacheza video bila kuingia kwa SMB.

DALILI YA 6: UMEINGIA, LAKINI FOLDA IMEKATAA AU IKO TUPU

Anza na ile tupu, maana ndiyo yenye hatari. Diski ya nje haikuamka baada ya umeme kurudi, na seva inakuonyesha mahali diski ilipokuwa imepachikwa, yaani ilipounganishwa, ambapo sasa ni folda tupu kwenye kadi ndogo ya SD. Watu huogopa kuwa picha za harusi zimefutika. Hazijafutika. Lakini wakianza kunakili upya, kadi inajaa, na tunarudi Dalili ya 4. Angalia:

findmnt /mnt/picha

Isiporudisha kitu, diski haijapachikwa. Angalia waya wake na adapta ya umeme, kisha andika sudo mount -a. Ikiwa diski kubwa ya nje inapata umeme kupitia USB ya Raspberry Pi peke yake, ipe chanzo chake cha umeme. Mara nyingi ndiyo kiini.

Sababu ya pili ni kuingia kama mgeni bila kujua. Samba za Debian na Ubuntu huja na mpangilio wa "map to guest = bad user": ukikosea jina, haikuambii kitu, unaingizwa kama mgeni asiye na haki. Andika sudo smbstatus uone jina lililoingia. Ukiona "nobody", si wewe.

Sababu ya tatu ni ruhusa za Linux. Katika smb.conf, faili ya mipangilio ya Samba, jina lako liwe kwenye "valid users" ya folda hiyo. Kagua faili kwa testparm kabla ya kuwasha upya. Halafu:

namei -l /mnt/picha

Amri hii huonyesha ruhusa za kila ngazi ya njia. Mara nyingi folda yenyewe iko sawa, lakini ya juu yake, kama /media/pi, imefungwa kwa wengine. Diski ya exFAT haikubali chown, amri ya kubadilisha mmiliki; mmiliki huwekwa wakati wa kupachika, kwa uid= na gid= kwenye /etc/fstab. Usikimbilie chmod 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote. Inafungua leo, na kesho mtoto anafuta folda nzima kwa bahati mbaya.

UMESAHAU NENOSIRI LA MSIMAMIZI

Synology: bonyeza kitufe cha RESET kwa pini kwa takribani sekunde 4 mpaka usikie mlio mmoja, kisha uachie mara hiyo hiyo. Nenosiri la msimamizi na mipangilio ya mtandao hurudi mwanzo, faili hubaki. Usibonyeze mara ya pili baada ya mlio, kwa sababu hapo unaanza safari ya kusakinisha mfumo upya. QNAP: sekunde 3 kwa urejeshaji mdogo; ukishikilia hadi 10, mipangilio mingi zaidi hufutwa. Kwa Samba ni smbpasswd tu, ilimradi unaweza kuingia kwenye Linux.

SIMAMA, MWITE FUNDI

Diski inagonga, au inajaribu kuzunguka na kukata. Zima. Kila mara unapoiwasha unapunguza kinachoweza kuokolewa.

Amri ya dmesg inaonyesha "I/O error", au ya smartctl inaonyesha "Current_Pending_Sector" ikiongezeka. Nakili yaliyo muhimu kwanza; usiendeshe amri za kutengeneza diski kabla ya hapo.

NAS inasema kundi la diski limepungukiwa, na hujui ni diski ipi. Ukichomoa ile nzima badala ya mbovu, unaweza kupoteza zote.

Ukigusa boksi la chuma unapigwa na shoti ndogo. Hiyo ni kazi ya fundi wa umeme, si wa kompyuta: huenda waya wa ardhi wa nyumba haufanyi kazi.

Faili zimebadilika majina, au kumbukumbu zinaonyesha mtu aliyeingia kutoka anwani isiyo ya nyumbani. Chomoa waya wa mtandao wa seva, zima Wi-Fi yake, na usifute chochote. Taarifa inaweza kupelekwa kwa National KE-CIRT/CC, kitengo cha usalama wa mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kama unapiga picha za harusi au unahifadhi nakala za vitambulisho vya wateja kwenye seva hiyo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data pale wateja wanapoweza kudhurika.

Unapompelekea fundi, mpe namba ya kosa, tarehe lilipoanza, na kilichotokea siku hiyo: umeme kukatika, ruta mpya, Windows kujisasisha. Mwambie wazi, na kwa maandishi, kwamba diski zisifomatiwe bila idhini yako. Kabla ya kuchomoa diski za NAS, zibandike namba kwa mpangilio ulivyokuwa, 1, 2, 3, 4, na upige picha.